Yukata za kanga zishonwe kama yukata

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na mafundi wenzetu wa Unguja na Pemba kuhusu lile koti refu la kanga, wazi mbele, mikono mipana, linalouzwa Mji Mkongwe na kwenye hoteli za pwani kwa jina la kimono au yukata. Hatuna ugomvi na koti lenyewe. Ni jepesi na linafaa ufukweni. Ila anayeliita yukata ameahidi mkato fulani, na mara nyingi ndani ya mfuko mnatoka gauni la kulalia lililopasuliwa mbele, lenye michoro ya Kijapani iliyookotwa mtandaoni.

Yukata ni nguo ya pamba isiyo na bitana. Ilianza kama nguo ya kuogea ya makabaila, ikaenea kwa watu wa kawaida katika enzi ya Edo (karne ya 17 hadi ya 19), na leo Wajapani huivaa wakati wa joto, kwenye sherehe za mitaani na maonyesho ya fataki.

Fundi anayejua kanzu ana nusu ya kazi mkononi. Badani, yaani vipande vikuu vya kiwiliwili, zipo mbili, lakini si ya mbele na ya nyuma. Ni ya kulia na ya kushoto. Kila moja hutoka upindo wa mbele, ikapita begani bila mshono, ikashuka mpaka upindo wa nyuma, na mshono wa katikati ukafuata uti wa mgongo. Huongezwa vipande viwili vyembamba mfano wa taharizi, ila hivi hukaa ukingo wa mbele badala ya ubavuni, ili nguo ipishane vizuri. Kisha mikono miwili, kola moja ndefu, na kipande kifupi cha kuifunika kola shingoni. Jumla vipande vinane, vyote vya kukatwa kwa mistari iliyonyooka. Pa kupunguza hukunjwa ndani, hapakatwi, ndiyo maana nguo hiyo huweza kufumuliwa na kushonwa upya. Ukipitisha mashine ya kumalizia kingo ikala ziada ya mshono, umeiondolea sifa hiyo.

Japani hukata jora jembamba la upana wa sentimita 36 hadi 40 na urefu wa mita 12 hivi. Kwa pamba yetu ya upana wa sentimita 112, gawa mikanda mitatu ya sentimita 37. Mvaaji wa kimo cha sentimita 160 anahitaji mita 4 kwa yukata inayoishia kwenye vifundo vya miguu. Akitaka ya kike kamili, ambayo urefu wake ni sawa na kimo chake na inayozidi hukunjwa kiunoni, nunua mita 5. Mikanda miwili hutoa badani na mikono, wa tatu hupasuliwa katikati ukatoa vipande vya mbele na kola. Loweka kitambaa usiku kucha na ukianike kivulini kabla ya kukata. Pamba hurudi, na mshono ulionyooka hauna pa kuficha sentimita zilizopotea.

Makosa makubwa tunayoyaona ni mawili. La kwanza ni shingo. Fundi hukata duara kama la kaba ya kanzu, kola ikakaba koo. Yukata hukatwa mpasuo wa kulala wenye sentimita 17 au 18, na kwa ya kike mpasuo husogezwa nyuma ya mstari wa bega kwa sentimita 2 au 3. Hapo ndipo kola hupata kulala nyuma na kuacha kisogo kipate hewa. La pili ni kwapa. Hakuna kikwapa (kipande cha kuongeza kwapani) wala mkono wa mviringo. Mkono ni mstatili wenye kina cha sentimita 49 hivi, na wa kike huachwa wazi upande wa kwapa. Wa kiume hushonwa.

Sasa kanga. Kipande cha sentimita 150 kwa 110 hakiwezi kutoa badani isiyo na mshono begani, na si hasara. Mchoro wenye juu na chini ukipitishwa begani bila mshono hugeuka kichwa chini mgongoni, na Wajapani hulazimika kuuchora ukielekea pande zote mbili. Kwa kanga, mshono wa begani hukuwezesha kupanga mbele na nyuma vielekee upande mmoja. Kata kwa urefu, mikanda mitatu ya sentimita 36 kila kipande, doti moja ikupe sita. Miwili ya katikati yenye mji iweke mgongoni. Miwili yenye pindo la juu iweke mbele, pindo likielekea ubavuni. Miwili yenye jina ipasue: nusu ya pindo na jina iwe vipande vya mbele, nusu ya ndani iunganishwe iwe kola. Jina litateremka ukingo wa mbele, upande wa kushoto likisomeka na wa kulia likijificha chini yake. Doti ya pili hutoa mikono, na masalio yake yakiunganishwa hutoa mshipi wa upana wa sentimita 16 na urefu wa mita 3.6 au zaidi. Chagua kanga ambayo rangi imepenya, kwani mdomo wa mkono huonyesha upande wa ndani. Yukata nzuri za Japani hutiwa rangi kwa kumiminwa ikapita kitambaa chote, pande zote mbili zikawa sawa.

Kuhusu michoro, anayeagiza kitambaa ajue anachoagiza. Matao ya mawimbi yanayopandana ni heri isiyokatika, na sisi watu wa visiwa hatuna haja ya kufundishwa hilo. Pembesita za gamba la kobe ni umri mrefu. Nyota ya ncha sita ni jani la mmea wa nyuzi wa jamii ya bangi (mhariri asishtuke), unaokua haraka na kunyooka, kwa hiyo huwekwa kwenye nguo za watoto. Kereng'ende husemwa kuwa huruka mbele tu, wapiganaji wakampenda. Manyoya ya mshale huhusishwa na bibi harusi, kwa kuwa mshale haurudi ulikotoka. Miraba ya rangi mbili ilipewa jina la mwigizaji wa karne ya 18, Sanogawa Ichimatsu, na ndiyo iliyotumika katika nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020. Theluji nayo huchorwa kwenye nguo ya joto kwa makusudi, ili mtazamaji ahisi baridi. Lakini ua la krisanthemi la petali 16 ni nembo ya familia ya kifalme. Kuliweka kwenye suruali ya ufukweni ni utovu wa adabu.

Rai yetu ni kuchukua mkato wao na kuacha michoro yetu izungumze. Katikati ya karne ya 20 kanga nyingi zilizovaliwa huku zilichapwa Japani, na wachapaji wale walifuata pindo, mji na jina kama walivyotakiwa na wafanyabiashara wa huku. Korosho na karafuu zina haki ya kukaa juu ya yukata bila kuazima ndege korongo wa Kijapani.

Wauzaji nao wawaonyeshe wateja namna ya kuvaa. Upande wa kushoto huja juu ya wa kulia, kwa wanawake na wanaume, na amri ya Japani ya mwaka 719 ndiyo iliyoweka hivyo. Kulia juu ya kushoto huvishwa maiti, na mgeni wa Kijapani akikuta sanamu ya dukani imevishwa hivyo ataduwaa. Polista tusiwauzie watu wakati wa kaskazi, haifyonzi jasho. Na aliyenunua ya kanga aifue peke yake mara za mwanzo, kwa maji baridi, kisha aianike ndani nje. Chumvi inayosemwa hufunga rangi haisaidii kitu kwa rangi iliyokwisha kuchapwa.

Mafundi cherehani,
Mkunazini, Unguja