Ukame pekee haukutufanya binadamu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu mchanga wa jiografia, wala sijawahi kukuandikia. Lakini ile taarifa yenu kwamba ukame ndio uliomuumba binadamu imenikera, kwa sababu kauli hiyo imeshaingia madarasani.

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniletea karatasi ya mtihani. Ameulizwa ni nini kilichochangia mabadiliko ya binadamu wa kale. Akajibu: "Mvua na kiangazi kupokezana bila mpango." Mwalimu akamkosoa kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika UKAME na kuupigia mstari mara mbili. Jibu lile mtoto alilipata Olorgesailie, penye mabaki ya watu wa kale kando ya barabara ya Magadi, nilikompeleka mwenyewe. Aliusugua vidoleni ule udongo mweupe ukawa unga kama chokaa, nikamweleza kuwa ni mabaki ya mwani wa ziwani. Mara ziwa, mara vumbi, na vyote viwili vimo katika ukingo mmoja wa korongo! Watu wa kale walichonga pale mashoka ya mkono ya aina moja kwa takriban miaka 700,000, mengi kwa mawe ya jirani. Kufikia miaka 320,000 iliyopita mashoka hayo hayapo tena: kuna zana ndogo, mawe ya kutengenezea rangi, na obsidiani, jiwe la volkano linalong'aa kama kioo, iliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95. Mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi ya karibu na hapo mita 139 kwenda chini. Tabaka zake zinaonyesha kwamba takriban miaka 400,000 iliyopita utulivu wa muda mrefu ulivunjika. Bonde la Ufa likapasuka-pasuka, maji yakawa ya kubahatisha, nyasi zikaja na kutoweka, wanyama wakubwa wa malisho wakaisha. Aliyesalimika ni aliyebeba zana nyepesi, akaenda mbali na kujuana na watu wa huko. Ukame ulikuwepo, ndiyo, ila mafuriko nayo yalikuwepo.

Kuna jingine. Kwenye baraza la maji, afisa mmoja alituambia sisi wafugaji tuendelee kusubiri kisima kwa kuwa "nyinyi mmeuzoea ukame". Nani aliyeuzoea? Wazee wetu walipona kwa kuhama. Leo ng'ombe akitoka bomani anakutana na seng'enge, ardhi imekatwa vipande vipande na kuuzwa. Mkiandika kwamba ukame humjenga mtu, mnampa afisa yule maneno.

Basi chapisheni mchoro wa tabaka zile kwenye karatasi ndefu ya kukunja, sentimita moja kwa kila mita, sentimita 139 kamili, miaka iandikwe pembeni kwa Kiswahili. Ukuta wa darasa la mjukuu wangu, kati ya mlango na dirisha, nimeshaupima. Inaenea.

Mwalimu mstaafu,
Kajiado