Nyota tano zinaombwa kabla mkopo haujaingia

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, na sijawahi kukuandikia, hata mlipokuwa mkikosea majina ya vijiji vyetu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile taarifa yenu kuhusu mikopo ya mtandaoni ilieleza vyema jinsi wakopaji wanavyodhalilishwa, kisha ikamalizia kwa kumshauri msomaji aangalie nyota na kusoma maoni ya watumiaji kabla ya kupakua programu yoyote. Mwandishi wenu alidhani anatoa kinga, kumbe anawaelekeza watu palepale wanaponasia.

Mpwa wangu ni dereva wa bodaboda. Tairi la nyuma lilipomwishia, alifanya hasa hayo mnayoyashauri: alifungua duka la programu, akakuta nyota nne na ushee, akasoma sifa za mwanzo mwanzo, akaridhika. Aliomba shilingi laki moja, ikaingia elfu sitini na tano, eti iliyobaki ni ada ya huduma, na laki nzima ilidaiwa baada ya siku saba. Muda ulipopita, mtu nisiyemjua alinitumia ujumbe akinitaka nimwambie “huyo mwizi wako” alipe kabla picha yake haijasambazwa. Shangazi yake, ustadhi wake wa madrasa na mama mmoja anayembeba kila asubuhi kwenda sokoni walipata ujumbe uleule, neno kwa neno.

Nilimwomba simu nikayasoma maoni hayo mwenyewe, taratibu, kama nilivyokuwa nikikagua stakabadhi za pamba. Watu wenye majina tofauti waliandika “haraka na uwaminifu”, wote wakikosea neno hilohilo kwa namna ileile, na wote katika siku chache zilizofuatana. Mmoja alisifu kwamba picha za usiku zinatoka safi, ilhali programu ni ya kukopesha, jambo linaloonyesha kwamba sifa hizo zimenunuliwa kwa jumla na kubandikwa bila hata kusomwa. Nyota tatu karibu hazikuwapo. Zilikuwapo tano nyingi na moja nyingi, na chini ya kila lalamiko kampuni ilijibu kwa sentensi moja ileile ya kuomba namba ya simu. Lakini lililonipandisha hasira kuliko hata yale matusi ni alilonieleza mpwa wangu nilipombana: kabla fedha haijaingia, programu ilimfungulia kisanduku cha kumtaka atoe nyota tano ili kiwango chake cha mkopo kipande, naye akabonyeza. Kwa hiyo miongoni mwa sifa zile imo ya kwake, yenye jina lake halisi, ya tarehe ileile aliyokopa, kabla hajajua atakatwa kiasi gani wala nani atatukanwa. Huko ni kumwuliza mgeni utamu wa pilau kabla hajanawa mikono. Na ninyi mnatuambia tuyasome maoni hayo ili tupate kujua!

Wenzetu wamekwishaliona hili. Marekani, kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza kununua maoni ya uongo na hata kutoa zawadi kwa sharti kwamba maoni yawe mazuri. Uingereza nayo imepiga marufuku maoni ya kughushi tangu Aprili 2025. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, ila sijasikia mtu akiulizwa habari za nyota. Benki Kuu ilipotangaza Novemba 2024 majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kukidhi masharti, mngeweza kuwakumbusha wasomaji kwamba la kutafuta kwanza ni jina la mkopeshaji katika orodha ya wenye leseni. Mngeweza pia kuwaambia kwamba duka la Google haliruhusu mikopo inayodaiwa yote ndani ya siku 60, ndiyo maana maelezo ya programu ile yalitaja siku 91 huku simu ya mpwa wangu ikihesabu saba.

Hapo sijawagusa wachekeshaji wanaojirekodi wakisema “hii nimeitumia mwenyewe”, watu ambao kwa magari wanayotuonyesha sidhani kama wamewahi kukopa elfu sitini ya tairi.

Pendekezo langu si la gharama. Kila Jumamosi mnatoa nusu ukurasa kwa utabiri wa nyota. Nafasi hiyo ichapisheni maoni matatu ya nyota moja, mapya kabisa, bila kusahihisha tahajia, pamoja na jina la programu na tarehe, na kazi ya kuyachagua apewe mwandishi yuleyule aliyetushauri. Wasomaji wa Nge na Mashuke watatuwia radhi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Karani mstaafu, Shinyanga