Kibo si kofia nyeupe

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemeshe wachoraji wenzangu wa Moshi tunaouzia watalii. Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, tunakichora kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi: buluu ile ile toka chini hadi juu, kofia nyeupe, twiga mbele. Nami nilichora hivyo miaka mingi; twiga hao ndio walionilipia ada za watoto.

Jamani, amkeni saa kumi na mbili asubuhi mtazame, kabla mawingu hayajafunga. Migomba ya karibu ni kijani kizito, nusura iwe nyeusi. Msitu wa juu umekwishapauka kwa ukungu, na Mawenzi, kilele cha pili kule kulia, ni kama moshi tu. Basi vya mbali vitilieni nyeupe na buluu kidogo, kingo mzilainishe kwa kitambaa. Rangi kali ibaki mbele.

Na brashi iachwe itembee! Jani la mgomba nalipiga mara moja kwa brashi pana, sirudii. Theluji naipaka kwa kisu, nene, nikifuata mteremko. Juzi mteja aliniuliza mbona picha haijamalizika. Tukabishana bei, akaichukua.

Mchoraji wa kando ya barabara,
Moshi