Fundi, hesabu kwanza taa kabla hujaizika mashine yangu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na mafundi wa kompyuta wa hapa Dodoma mjini, na pia na wenzangu tunaowapelekea mashine tukiwa tumeshakata tamaa tangu kwenye daladala.

Mimi ni karani wa ushirika wa wakulima wa zabibu, Mpunguzi, barabara ya Iringa. Agosti, zabibu za msimu wa pili zikiwa kwenye mizani, kompyuta mpakato ya ofisi iligoma kuwaka. Ndani yake mlikuwa na kilo za kila mwanachama, na nakala nyingine sikuwa nayo. Hilo ni kosa langu, na mama watoto ameshanisema vya kutosha, kwa hiyo wasomaji msinirudie.

Kesho yake nikaenda nayo mjini. Fundi wa kwanza niliyemkuta aliipokea, akabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, akaitegea sikio kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akasema, "Mzee, mazabodi imekufa hiyo. Laki mbili na themanini." Mazabodi ndiyo bodi kuu inayounganisha viungo vyote vya mashine. Nikauliza, na kumbukumbu za ndani je? "Ndiyo zimeenda nayo, mzee wangu." Akadai shilingi 10,000 ya kuangalia. Nikatoa. Hakufungua hata skrubu moja.

Jioni akaja mpwa wangu anayesoma chuo hapa mjini. Kitu cha kwanza kuuliza: "Mjomba, haiwaki vipi?" Nikaona ananitania. Kumbe swali lina maana. Kama hakuna taa wala mlio wowote, ugonjwa unaanza kutafutwa kwenye soketi, waya, chaja na tundu la chaja. Chaja inapimwa kwa mita, na isome volti zilizoandikwa mgongoni mwake, mara nyingi 19 na kitu. Lakini kama taa inawaka na feni inazunguka ila kioo ni cheusi, umeme unafika; tatizo liko kwingine. Hapo unamulika kioo kwa tochi ukiwa gizani: ukiona picha kwa mbali, kilichokufa ni mwanga wa kioo tu. Au unaiunga kwenye televisheni uone kama picha itatokea huko.

Yangu ilikuwa ya aina hii ya pili. Akazima taa ya sebuleni, akabonyeza. Feni ikavuma kidogo. Kisha akanionyesha kitu ambacho mimi sikukiona na fundi hakukitafuta: kitaa kidogo kwenye kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kinakonyeza, kinatulia, kinakonyeza tena kwa idadi ileile. Tukahesabu. Binti yangu mdogo naye akaja kuhesabu kwa sauti. Kumbe kampuni nyingi zimeliweka hilo makusudi. Kioo kikishindwa kuonyesha kosa, mashine inalitaja kwa kukonyeza au kwa kupiga milio, na maana ya kila idadi imeandikwa kwenye mwongozo wa mashine yenyewe. Kijana akaitafuta kwenye simu. Yangu ilikuwa inalalamikia ramu, kile kipande ambacho mashine hushikia kazi inayoifanya kwa wakati huo.

Akachomoa chaja, akatoa betri, akashikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika ili umeme uliobaki uishe (wakati mwingine hilo peke yake linaiamsha mashine). Akafungua kifuniko cha chini. Mhariri, vumbi! Anayeujua upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti hahitaji kuelezwa. Akachomoa kipande cha ramu, chembamba, urefu wake kama kidole, akayasugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli ya binti yangu, akayapitisha brashi laini, akakirudisha mpaka kikalia "ta". Ikawaka. Kilo za wanachama zote zipo.

Halafu akanieleza jambo lililonitia hasira kuliko ile 10,000. Hata mazabodi ingekufa kweli, kumbukumbu hukaa kwenye diski, na katika mashine kama yangu diski inachomolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Zipo mashine nyembamba za siku hizi ambazo hifadhi imeshikana na bodi, lakini yangu siyo. Nilikwenda mjini kwa nauli yangu, na bado nikaingizwa mjini.

Sisemi mafundi wote ni waongo. Mazabodi hufa, hasa ikiingia maji au umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Ila fundi apime, apime mbele ya mwenye mali, na aandike kwenye risiti alichopima: chaja imetoa volti ngapi, ramu imejaribiwa au la, kioo je. Nasi wateja tupeleke mashine pamoja na chaja yake, tueleze tulichokiona, na tusiondoke kabla haijafunguliwa.

Risiti yangu bado ninayo. Imeandikwa "matengenezo ya kompyuta, 10,000". Wiki ijayo naenda mjini kununua flashi ya kuwekea nakala; nitapita na risiti hiyo kwa yule fundi nimwombe aiandike upya.

Karani wa ushirika,
Mpunguzi, Dodoma