Tusiwahi kuwasemea wafiwa

Ndugu Mhariri,

Tarehe 3 Desemba 2023, matope yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang yalifukia sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara, na kuua makumi ya watu, na haikuchukua muda tukaanza kuwaambia wafiwa kwamba ni mpango wa Mungu. Mimi naamini hivyo, na arusini tunalisema hilo kwa vigelegele. Lakini rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kutamka neno, na walipoanza kumfafanulia sababu za msiba wake ndipo walipoharibu. Mfiwa akisema mwenyewe kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, tuitikie amina. Kwa sasa tumtekee maji na tuchangie turubai.

Msomaji wenu, Babati