Barua kwa Wazazi wa Pembeni ya Uwanja

Wazazi wenzangu mnaoleta watoto tenisi kila Jumamosi,

Nawasalimu. Kufundisha nimeacha, lakini kiti changu bado kiko chini ya mwembe, na masikio hayajastaafu. Juzi nimemsikia baba akimwambia bintiye wa miaka tisa, "Leo utarudi nyumbani kwa miguu." Kosa la mtoto ni kupiga mipira miwili nje.

Mnapenda kunitajia baba yake Serena Williams, yule bingwa wa tenisi, kwamba alimfundisha mwenyewe. Mimi nawapa wa zamani zaidi, Charles Lenglen wa Ufaransa. Alimwanzisha binti yake Suzanne mwaka 1910, akiwa na miaka 11. Alikuwa akitandaza leso ng'ambo ya wavu, binti ailenge, akiipata, inahamishwa. Mwaka 1914, ndiyo kwanza ametimiza miaka 15, Suzanne akatwaa ubingwa wa dunia wa viwanja vya udongo pale Saint-Cloud.

Najua hapo mmefurahi. Subirini.

Fainali ya Wimbledon 1919, mashindano makubwa ya Uingereza, alikutana na Dorothea Lambert Chambers, mama wa miaka 40 mwenye mataji saba ya hapohapo. Seti ya tatu Chambers alibakiza pointi moja tu ashinde, mara mbili, zote zikamponyoka. Suzanne alipoishiwa nguvu, baba alimrushia kichupa cha brandi kutoka jukwaani (ninyi msijaribu). Akashinda 10-8, 4-6, 9-7.

Mwaka 1921 alivuka kwenda Marekani, baba akabaki. Binti alikuwa anasumbuliwa na kikohozi. Molla Mallory, bingwa wa huko, akachukua seti ya kwanza 6-2. Ya pili ilipoanza tu, Suzanne akaacha mechi, analia, watu wanamzomea. Mwaka uliofuata alimlipa Mallory kisasi kule Wimbledon, 6-2, 6-0, dakika 26. Lakini mawazo yangu hubaki kwenye yale machozi. Simlaumu baba, kikohozi ni kikohozi. Ila mtoto aliyezoea kutazama jukwaani kila akikwama, siku baba hayupo atatazama wapi?

Wangu nilimpigia kelele hivyohivyo miaka mitano. Alipofika kidato cha tatu niliikuta raketi juu ya kitanda changu. Hakuigusa tena. Sasa ana watoto wake, anawapeleka kuogelea.

Ombi langu ni dogo. Mechi ikianza, njooni huku mwembeni, tunyamaze. Mtoto akitoka, maji kwanza. Habari za mipira ya nje mwachieni kocha. Na wewe baba wa juzi, Jumamosi nakuja na kiti cha pili.