Uwanja wa Olmoti usitusahaulishe viwanja vya shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Halmashauri ya Jiji la Arusha, hasa madiwani wetu, juu ya viwanja vya michezo vya shule za umma.

Uwanja wa viti 30,000 unaojengwa kata ya Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, ni heshima kubwa kwetu, na ninaufurahia sawa na mpenda mpira yeyote wa mkoa huu. Lakini mchezaji hatoki kwenye viti. Anatoka shuleni, kwenye kiwanja cha vumbi kilichochorwa mistari kwa majivu, na viwanja hivyo vinatuponyoka huku tukitazama.

Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na kila kundi lilipata kwa kadiri lilivyothaminiwa. Arusha School ilifunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Wazungu, na hadi leo ukipita pale unaona maana ya shule kuwa na nafasi. Ubaguzi huo ulikoma Januari 1962, na watoto wa rangi zote wakaanza kupokelewa pamoja. Mwaka 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa hapa hapa mjini kwetu, Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Shule zikawa na mashamba, mchakamchaka ukawa sehemu ya asubuhi.

Kisha wanafunzi wakaongezeka, na ilikuwa haki yao. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto asome, na UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ikaanza rasmi 1977. Ada za shule za msingi zikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Hatua zote hizi nazitetea bila kusita. Tatizo ni kwamba kila wimbi la wanafunzi lilidai madarasa, na darasa lazima lisimame mahali. Kwa fedha za kukabiliana na UVIKO-19 peke yake nchi ilijenga madarasa 15,000. Kijijini, mahali pa kujenga panapatikana. Mjini, shule nyingi zilitoa shamba kwanza, halafu zikamega uwanja. Leo ziko shule ambazo watoto wanacheza chandimu katikati ya korido mbili, na mwalimu wa michezo anapanga mazoezi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, kwa zamu kama foleni ya maji.

Wapo watakaosema tunao Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Ni kweli, na vizazi vya wanafunzi wamefanya halaiki pale. (Inasikitisha kwamba wengi wa wanaopita nje ya ukuta ule, wakinunua nguo kwenye fremu za maduka, hawajui jina hilo ni la mshairi, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, aliyefariki mwaka 1964.) Lakini uwanja ule ni mali ya CCM, kama vilivyo viwanja vingi vikubwa vya mikoani, na hata ukifunguliwa bure kila siku, mtoto wa darasa la nne wa kata za pembezoni kama Muriet au Terrat hawezi kuuendea baada ya kengele ya saa tisa.

Mkoa huu ndio uliomzaa Filbert Bayi, kijana wa Karatu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mbio hazidai jukwaa wala taa. Zinadai ardhi tupu ambayo hakuna aliyeijengea.

Uwanja kamili wa mpira wa miguu ni mita 105 kwa 68, yaani hauzidi ekari mbili. Kwa watoto wa msingi hata nusu yake inatosha. Naiomba Halmashauri ipime uwanja wa kila shule ya umma, uingizwe kwenye hati miliki ya shule kwa jina la uwanja wa michezo, na darasa jipya la mjini lijengwe kwa ghorofa. Ghorofa ni gharama, najua, lakini ardhi ikishaliwa katikati ya jiji hairudi kwa bei yoyote. Na wazazi wenzangu mlio kwenye kamati za shule, mkiletewa pendekezo la kukata upande wa uwanja mjenge fremu za kukodisha, kataeni, hata kama kodi yake inavutia.

Upimaji uanze na Muriet, Olasiti na Terrat katika bajeti ijayo, kabla pembezoni nako hakujajaa.

Mwalimu mstaafu,
Sombetini, Arusha